Umri wa ngozi yako haumo kwenye kitambulisho

Mwaka 2012 jarida la tiba la Marekani, The New England Journal of Medicine, lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 ambayo madaktari wa ngozi wangali wanaitumia kufundishia hadi leo. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa wa mtu wa makamo. Upande wa kushoto ulijaa makunyanzi mazito, ngozi imelegea na kufanya mifereji kuanzia chini ya jicho hadi shingoni. Mzee huyo alikuwa ameendesha lori kwa miaka 28. Marekani dereva huketi kushoto, na kwa miaka hiyo yote jua lilimpiga shavu moja kupitia dirisha la gari lake. Jeni za mashavu yote mawili zilikuwa zilezile, za baba mmoja na mama mmoja. Damu ni moja, na chakula ni kimoja. Lakini shavu moja lilizeeka likaliacha jingine nyuma.

Kwetu Mombasa dereva huketi kulia. Anayeendesha matatu kati ya mjini na Bamburi, akivuka Daraja la Nyali na kupita Kongowea na Kengeleni tangu alfajiri hadi magharibi, shavu linaloliwa na jua ni la kulia, pamoja na mkono wa kulia anaouegemeza dirishani. Kioo huzuia miale ya urujuanimno aina ya B, ile inayounguza, lakini hupitisha sehemu kubwa ya aina ya A. Hii hupenya hadi tabaka la ndani la ngozi na kuamsha vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni, nyuzi zinazoishikilia ngozi isilegee. Na katika matatu zetu kioo chenyewe mara nyingi kimeshushwa kwa sababu ya joto.

Nimeanza na uso wa dereva kwa kuwa hilo ndilo jambo ambalo biashara ya urembo hupenda kuliruka. Siku hizi mtu mwenye simu, hata akiwa amekaa kibarazani hapa kwetu Frere Town, huletewa matangazo ya vipimo vinavyodai kusoma umri halisi wa ngozi, na krimu zinazodai kutengenezwa kwa ajili yake peke yake kulingana na mate aliyoyatuma. Neno linalotajwa sana katika matangazo hayo ni epijenetiki. Sayansi hiyo ipo, na inasisimua. Lakini ninavyoona, inachotwambia sisi wa pwani ni tofauti sana na kile tunachouziwa kwa jina lake.

Jina epijenetiki lilibuniwa mwaka 1942 na Mwingereza Conrad Waddington, miaka 11 kabla ya umbo la DNA kujulikana. Karibu kila seli ya mwili wako, iwe ya ini, ya jicho au ya wayo, imebeba jeni zilezile ulizozaliwa nazo. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zinafanya kazi na zipi zimenyamazishwa. Aliyepita chuoni utotoni ataelewa haraka: herufi za Kiarabu zikibaki zilezile, ukibadilisha irabu, neno husomwa vingine kabisa. Seli nayo huweka alama ndogo za kikemikali juu ya DNA bila kuzigusa herufi zake. Alama iliyochunguzwa zaidi ni kikundi cha methili, yaani kaboni moja na hidrojeni tatu. Kikibandikwa pale jeni inapoanzia, mara nyingi jeni hiyo hunyamaza. Kikibanduka, huweza kuamka.

Herufi ni nadra kubadilika. Alama hizi hubadilika kadiri mtu anavyoishi. Mwaka 2005 watafiti wa Uhispania chini ya Manel Esteller walichunguza jozi 40 za mapacha wa kufanana. Mapacha wadogo walikuwa na alama karibu sawa. Waliozeeka, hasa walioishi mbalimbali na kwa namna tofauti, walikuwa wametofautiana sana. Miaka minane baadaye Steve Horvath wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles alionyesha kwamba alama katika sehemu 353 za DNA zinatosha kukadiria umri wa mtu kwa kukosea miaka michache tu, ukichukua damu, ubongo, ini au karibu tishu nyingine yoyote. Kipimo chake kikaitwa saa ya epijenetiki. Mwaka 2018 yeye na wenzake walitoa saa nyingine, ya sehemu 391, iliyo sahihi zaidi kwa ngozi na damu.

Kwa ngozi, jua ndilo mshukiwa mkuu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walilinganisha ngozi inayopigwa na jua na ngozi inayofichwa na nguo kutoka kwa watu walewale. Katika tabaka la juu la ngozi iliyopigwa na jua walikuta maeneo mapana ya DNA yamepoteza alama zake za methili, na upotevu huo ulifanana na unaoonekana katika saratani ya ngozi. Sigara nayo ina alama zake, tena zinazosomeka wazi kiasi kwamba mtafiti aliyeshika damu ya mtu anaweza kujua kama anavuta. Mvutaji akiacha, baadhi ya alama hizo hurudi taratibu kuwa kama zamani. Hiyo ni habari njema, nami ningependa ifike mbali kuliko tangazo lolote la krimu.

Moshi haulazimu kuwa wa sigara. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani waliwapima wanawake 400 wa miaka 70 hadi 80, wakakuta kwamba wale waliokaa penye masizi mengi ya magari walikuwa na madoa meusi zaidi usoni. China nako wanawake waliopikia kuni na makaa ndani ya nyumba walikutwa na makunyanzi zaidi usoni na migongoni mwa mikono. Anayekaanga viazi au kupika mahamri kwa jiko la makaa kando ya barabara ya Malindi, malori yakimpulizia moshi wa dizeli, anapata yote matatu kwa wakati mmoja: jua, moshi wa jiko na moshi wa magari.

Hapa ndipo swali linapokuwa letu. Saa hizi za ngozi zilitengenezwa zaidi kwa sampuli za watu wenye asili ya Ulaya. Ngozi yenye melanini nyingi haizeeki kwa ratiba ile wala kwa sura ile. Utafiti wa mwaka 1979 mjini Philadelphia ulipima ni mwanga kiasi gani unaopenya tabaka la juu la ngozi na kufika chini. Kwa ngozi nyeusi ilikuwa asilimia 7.4 ya miale ya B, na kwa ngozi nyeupe asilimia 24. Kwa miale ya A ilikuwa asilimia 17.5 dhidi ya 55. Ndiyo maana makunyanzi hutuchelewea. Kwetu uzee wa ngozi huanza kujionyesha kwa rangi isiyolingana, kwa mabaka ya kahawia mashavuni, kwa vidutu vidogo vyeusi ambavyo wengi tumevizoea kwenye nyuso za nyanya zetu, na kwa doa la chunusi linalokaa miezi baada ya chunusi yenyewe kupona. Tena ngozi nyeusi hutengeneza mabaka hata kwa mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ambao krimu nyingi za kukinga jua haziuzuii isipokuwa zimetiwa oksidi ya chuma, ile inayozipa rangi ya udongo.

Kwa hiyo mtu wa Kisauni anayepimwa ngozi kwa kuhesabiwa makunyanzi anapimwa kwa kipimo cha mwingine. Anaweza kuambiwa ngozi yake ni changa, na huku jua limeshamwachia mabaka yasiyotoka.

Wala hakuna kitu kimoja kinachoitwa ngozi nyeusi. Mwaka 2017 kundi la Sarah Tishkoff wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilichapisha matokeo ya kupima rangi ya ngozi ya zaidi ya watu 2,000 wa Ethiopia, Tanzania na Botswana. Walikuta jeni za weusi na jeni za weupe zote zimo Afrika tangu kale, nyingi zikiwa na umri wa mamia ya maelfu ya miaka. Ukitaka kuliona jambo hili bila maabara, simama nje ya shule yoyote ya Frere Town kengele ya kutoka ikilia. Utawaona watoto wa Wamijikenda, wa Waswahili wa Mji wa Kale, wa Wabajuni, wa wenye asili ya Hadhramaut na India, wa Wakamba, Waluo na Wataita waliofuata kazi, na wa vizazi vya wale ambao mahali hapa palianzishwa kwa ajili yao. Wazo la kumtunza kila mtu kwa ngozi yake, basi, ni wazo zuri. Pengine linatufaa sisi kuliko yeyote.

Historia ya mahali hapa inanilazimu kugusa jambo jingine. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza, alifika Zanzibar kumshinikiza Sultani Barghash, na mwaka huohuo mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini ukatiwa sahihi. Mwishoni mwa 1874 mmishonari William Salter Price wa Church Missionary Society aliwasili Mombasa, na ng'ambo ya kisiwa kikaanzishwa kijiji cha waliookolewa kutoka majahazini, kikapewa jina la Frere. Miongoni mwa waliokijenga walikuwamo Waafrika waliolelewa Nasik, India, baada ya kukombolewa baharini. Kengele iliyowekwa hapo ndiyo iliyowapa wenyeji jina la Kengeleni. Waliofika walitoka mbali, wengi kutoka nchi za Ziwa Nyasa na Msumbiji, na walikuwa wameona njaa, kiu na mijeledi.

Je, mateso kama hayo huacha alama kwenye jeni? Kwa aliyeyapata mwenyewe, upo ushahidi. Waholanzi waliokuwa tumboni wakati wa njaa kuu ya 1944 na 1945 walikutwa na alama tofauti za methili miongo sita baadaye. Karibu na kwetu, mwaka 2012 Connie Mulligan na wenzake walichapisha utafiti wa kina mama 25 na vichanga vyao mjini Goma, mashariki mwa Kongo. Dhiki ya vita aliyoipitia mama ilihusiana na alama kwenye jeni ya mtoto inayosimamia jinsi mwili unavyokabili msongo, na pia na uzito wa mtoto alipozaliwa. Miaka miwili baadaye ukatoka utafiti kama huo wa akina mama wa Rwanda waliokuwa na mimba wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Tafiti hizi ni ndogo, na haziruhusu mtu kusema kwamba kitukuu wa mtumwa aliyeachiliwa mwaka 1875 amerithi makovu ya babu yake kwa njia hii. Alama nyingi hufutwa kati ya kizazi na kizazi. Nayasema haya kwa sababu nimeshaona biashara ya urembo ikianza kuzungumza juu ya kiwewe cha mababu kana kwamba kinaweza kutolewa kwa seramu. Historia ya watu hawa haistahili kufanywa lebo ya chupa.

Kwa upande mwingine, mwambao huu haukungoja maabara ili kujua kwamba kila ngozi ina matunzo yake. Bibi harusi wa Kiswahili hutiwa ndani kabla ya arusi. Hatoki, hapigwi na jua, na somo wake humwandalia singo ya liwa, manjano, karafuu na maji ya mawaridi, kwa kiasi anachokiona kinamfaa, kisha humsinga mwili mzima. Ngazija, Wakomoro hupaka msindzano usoni, uji wa msandali uliosagwa kwenye jiwe, na hutoka nao mchana kujikinga na jua. Sidai kwamba liwa hufanya kazi ya krimu ya kisasa. Lakini msingi wa mambo hayo, kukaa kivulini, kujifunika na kuisafisha ngozi bila kuichubua, unaafikiana na yale ambayo wataalamu wa ngozi wanayasema leo kuliko mengi yanayopangwa kwenye rafu za maduka yetu.

Pamoja na singo, tunao urithi mwingine wa kumchanganyia kila mtu chake, nao ni mkorogo. Muuza vipodozi hukutazama, akakisia unataka kuwa mweupe kiasi gani, akachukua krimu tatu au nne na kuzikoroga kwenye kopo moja. Humo huweza kuwamo zebaki, haidrokwinoni na steroidi kali. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye viambata hivyo tangu 1998, na bado vinauzwa, vingine vikiwa na lebo nzuri, vingine bila lebo yoyote.

Jambo hili linaniuma, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, na huingia mwilini ikaumiza figo na neva, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Mwaka 2001 daktari Masazumi Harada wa Japani, yuleyule aliyeyatoa maisha yake kwa wagonjwa wa sumu ya zebaki wa Minamata, alichapisha pamoja na wenzake utafiti uliopima nywele za watu wa eneo la Ziwa Viktoria nchini Kenya. Waliokutwa na zebaki ya kutisha walikuwa wanawake waliotumia sabuni za kujichubua, hata zaidi ya wale ambao chakula chao cha kila siku kilikuwa samaki. Haidrokwinoni ikitumika kwa miaka, badala ya kuing'arisha ngozi huigeuza kuwa na weusi wa samawati usioondoka. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba hadi mishipa ikaonekana, ikachanika michirizi na kushindwa kupona jeraha. Na vyote vitatu huondoa au hudhoofisha kinga ya melanini, katika mji ulio nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, ambako kipimo cha ukali wa jua mchana mara nyingi hufika 11 na kupita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukiweka katika daraja la juu kabisa. Mwenye kujichubua akaenda Kongowea kuuza mchicha ameivua ngozi yake kinga aliyozaliwa nayo, akaipeleka juani. Ukitaka kujua ni nini kinachoizeesha ngozi ya mwanamke wa pwani kabla ya wakati wake, anza hapo.

Tuje kwenye krimu za epijenetiki. Makampuni makubwa yameshaingia. Beiersdorf ya Hamburg, ambayo bidhaa zake za Nivea zimo karibu kila nyumba Afrika Mashariki, imetafiti alama za methili za ngozi kwa miaka mingi, na mwaka 2024 ilianza kuuza kwa jina la Eucerin seramu inayodai kuamsha jeni za ujana zilizonyamazishwa. Upande wa maabara huru, taasisi ya Babraham ya Uingereza ilionyesha mwaka 2022 kwamba seli za ngozi za mtu mzima, zikitiwa kwa siku 13 viambata vilivyomletea Shinya Yamanaka Tuzo ya Nobel ya 2012, hurudi nyuma takriban miaka 30 kwa saa ya epijenetiki. Hayo yalitokea kwenye sahani ya maabara. Viambata hivyo vikipita kiasi huweza kuleta uvimbe, na hakuna daktari anayempaka mtu.

Kati ya sahani hiyo na chupa ya dukani pana safari ndefu. Kwanza, alama kubadilika pamoja na umri haina maana kwamba ndiyo inayozeesha. Huenda inafuata tu. Pili, krimu huweza kuisogeza saa bila kulipunguza kunyanzi hata moja, na huweza kulipunguza kunyanzi bila saa kusogea. Tatu, sehemu kubwa ya majaribio hulipiwa na wanaouza, na hufanywa kwa watu wachache na kwa wiki chache. Na kwa kipimo cha jumla cha jeni kinachouzwa kwa mamia ya dola, ushauri unaorudi hufanana sana kwa kila mtu: jikinge na jua, lala vya kutosha, usivute sigara, nunua seramu yetu. Matatu ya kwanza ungeyapata bure.

Lipo pia suala la mate yenyewe yanakokwenda. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za kijenetiki kuwa nyeti, zinazohitaji ulinzi wa juu. Ukituma sampuli ng'ambo, ulinzi huo huwa mgumu kuufuatilia. Mwaka 2023 wadukuzi walichukua taarifa za watu wapatao milioni 6.9 kutoka kampuni ya vipimo vya jeni ya 23andMe ya Marekani, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, wateja wakabaki kuuliza ni nani atakayezinunua jeni zao. Sisi wenyewe tuliona foleni za Nairobi mwaka 2023, watu wakitoa picha za mboni za macho yao kwa Worldcoin ili walipwe, mpaka serikali ikaingilia kati mwezi Agosti. Nina hofu kwamba foleni ijayo itakuwa ya mate, na malipo yatakuwa kikopo cha krimu.

Kinachojulikana kufanya kazi si siri, ila hakina mvuto wa kutangazwa. Nambour, Queensland nchini Australia, watafiti waliwafuata watu wazima 903 kwa miaka minne na nusu. Nusu walipewa krimu ya kukinga jua wapake kila siku, na nusu wapake wanapotaka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: waliopaka kila siku walikuwa na uzee wa ngozi pungufu kwa asilimia 24. Wale ni watu weupe, na kwetu kiwango kinaweza kuwa kingine, lakini ni jaribio lililofanywa kwa haki, kwa miaka, kwa watu wengi. Hakuna seramu ya epijenetiki iliyofika hapo.

Na ukitaka kuona matunzo ya ngozi yaliyolenga watu mahsusi na kufaulu, huna haja ya kwenda Hamburg. Nenda Moshi. Katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, tangu takriban mwaka 2012 hutengenezwa krimu ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino wa Tanzania. Mfamasia Mhispania Mafalda Soto na wenzake Watanzania waliitunga kwa kuwauliza watumiaji wenyewe: joto likoje, jasho likoje, unapaka saa ngapi, unafanya kazi wapi. Hugawiwa bila malipo. Kenya nayo, kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, hugawa krimu ya kukinga jua kwa watu wenye ualbino katika hospitali za umma. Hapa hakuna aliyetema mate kwenye kichupa, lakini maisha ya mtumiaji yalichunguzwa kwanza, na krimu ikaja baadaye. Huko ndiko kumtengenezea mtu chake.

Umbali wa chini ya kilomita 60 kutoka Frere Town, mjini Kilifi, ipo taasisi ya KEMRI-Wellcome Trust, iliyoanzishwa mwaka 1989, ambayo utafiti wake wa jeni na malaria unajulikana dunia nzima. Uwezo wa kusoma DNA ya watu wa pwani, kwa hiyo, umo pwani. Kinachokosekana ni mtu wa kuamua kwamba ngozi ya muuza madafu, ya mvuvi, ya mgema na ya bodaboda inastahili saa yake, iliyopimwa kwao, na matokeo yakabaki chini ya sheria zao. Wizara ya Afya na vyuo vyetu vinaweza kuanza na jambo dogo kama kupima shavu la kulia na la kushoto la madereva wa matatu. Serikali ya Kaunti ya Mombasa nayo haihitaji maabara yoyote ili kupanda miti na kujenga vivuli kwenye vituo vya matatu, na kuezeka pale ambapo kina mama wa Kongowea hukaa juani kutwa. Wala haihitaji utafiti mpya kuingia madukani na kuyaondoa makopo yaliyopigwa marufuku tangu 1998.

Nawe msomaji, kama una shilingi chache za kuitunza ngozi yako, anza nazo kwenye kofia pana, mikono mirefu na leso, kisha krimu ya kukinga jua ya namba 30 au zaidi, na kama una mabaka, chagua yenye rangi. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko kimo chako, jua ni kali, jiepushe. Hata mawingu mepesi hupitisha hadi asilimia 80 ya miale, na mchanga wa ufuoni huirudisha mingine usoni mwako. Mkorogo usiuguse, na kama umeshauzoea, usiukate ghafla peke yako. Mwone daktari, kwa maana ngozi iliyozoea steroidi huweza kuharibika vibaya ikinyimwa mara moja. Na ukiona doa linalokua, linalobadilika rangi au kidonda kisichopona, hasa kwenye wayo, kiganja au chini ya kucha, ambako saratani ya ngozi iitwayo melanoma hupenda kuwaanzia watu weusi, usimpelekee muuza vipodozi. Nenda hospitali wiki hiyohiyo.